Karatasi za Harusi

Milano, 4 Februari 1821

Dada Teodolinda,

Ng'ombe wako Bianca hajambo? Na mgongo wako? Mimi usiniulize: mpanga herufi za chapa kama mimi Milano hakuna, hata waliosoma chuo cha Pavia hunivulia kofia.

Huyu aliyefika na barua hii juu ya nyumbu wa Tonio mchukuzi ni Bwana Lissandri, mshairi. Mpe kitanda, na mbele ya watu mwite mjomba. Kifua chake kibovu, na Waaustria wanaotutawala wanamtafuta. Zamani nilipanga mashairi ya miungu ya Wagiriki nikielewa kama ng'ombe kanisani. Yeye anaililia Italia yetu kwa maneno ya sokoni. Nami nililia, mimi huyu, hadi herufi zikalowa!

Mkaguzi wao wa machapisho angelichana shairi lake. Lakini harusi haikosi shairi la kugawia wageni, na karatasi za harusi yeye huzigonga mhuri bila kusoma. Nikalipenyeza katika harusi ya binti wa muuza hariri. Wageni mia mbili! Chini nikachapa jina langu, kama ilivyo desturi. Fundi hajifichi.

Ndugu yako,
Gaudenzio

Introbio, 20 Februari

Mdogo wangu,

Tu wazima, Bianca kazaa. Ila wewe kichwa maji! Shairi la kukunyongesha, unalitia jina? Wasichana wa kusokota hariri wanaliimba hadi huku milimani, hata wasiojua kusoma. Mjomba anawasikiliza, anafuta mistari ya utenzi wake mpya, anaandika wanavyosema wao. Ugali wetu wa mahindi anausifu. Mwongo mwenye adabu.

Rudi na Tonio. Leo hii.

Dada yako,
Linda

Milano, 15 Aprili

Dada mpendwa,

Natumaini u mzima. Nami natunzwa vyema. Nijulishe kwa posta alipo Bwana Lissandri, nami nitaruhusiwa kurudi nyumbani.

Gaudenzio

Introbio, 22 Aprili

Mdogo wangu,

Barua hii siitumi. Naiweka zizini, utaisoma ukija.

Mwandiko ulikuwa wako, lakini hukujisifu hata kidogo. Nikajua umefungwa, na kuna mtu kakusimamia begani. Na Lissandri umemtaja, lakini mjomba hukumtaja: hukuwaambia kuwa ni mtu mmoja. Kumbe mdomo wako unafungika!

Kwa posta nimejibu: "Simjui." Neno moja, na nimekuuza kwalo.

Mjomba alitaka kushuka ajisalimishe. Nikamfichia viatu.

"Linda, viatu vyangu!"

"Maliza utenzi kwanza, mzee."

Amemaliza. Kesho Tonio anamvusha Uswisi. Chini ya utenzi ametia jina lako. Wino ulikuwa mbichi. Nikalifuta kwa kidole.

Bianca hajambo. Hukuuliza.

Dada yako,
Linda