Maji ya Baba

Endarasha, Jumatatu

Kaka Mwai,

Simu yako haipatikani, ndiyo maana ninaandika. Huku barafu ya usiku imechoma viazi vyote shambani.

Ile kompyuta yako ya michezo, ile inayopozwa kwa maji, nimeibadilishia kadi na memori, sasa inakimbia. Lakini nilipofungua mipira yake ya kupitisha maji, maji yalitoka ya kijani. Mama ndiye alinieleza: tangu ukosane na Baba juu ya kompyuta hiyo ukahamia Timau, mzee alikuwa akiiongezea maji ya tangi, kama rejeta ya trekta. Alikuwa akisema, “Mwai akirudi asiipate imekauka.”

Baba tulimzika Ijumaa. Hukuwepo kutupa udongo kaburini, kwa hivyo maji yake sijayamwaga. Nimeyaweka kwa chupa, yanakungoja.

Dada yako,
Tabby