Upepo wa Tairi ya Mbele

Mogogosiek, Konoin
Jumanne, baada ya chai ya saa nne

Kwa dada yangu Loice, Mama Adoyo,

Bwana asifiwe sana. Mimi mdogo wako Seth nakusalimu kutoka huku kwa majani chai. Nauliza kwanza habari ya mgongo wako, kama umetulia tangu ule msimu wa kupalilia, na habari ya shemeji, na ya kuku yule mweusi uliyesema anataga juu ya kabati. Sisi huku ni wazima. Baridi ya asubuhi ni ile ile, ukipumua unajiona. Mwili wangu umekubali. Juzi nilibeba gunia la mahindi kutoka barabarani mpaka nyumbani, na Kipsang jirani akasema hajaona mtu wa miaka hamsini na mbili akipanda kile kilima bila kupumzika. Nilipumzika mara moja tu, na hiyo ni kwa sababu ya kumsalimia pasta.

Najua utashangaa kupata barua wakati simu iko. Lakini simu, dada, unanikatia nikifika katikati. Karatasi huwezi kuikatia. Nimeandika Kiswahili vile mwalimu wa shule ya kambi ya wafanyakazi wa chai alitufundisha sote wawili, kwa sababu Kijaluo cha kuandika mimi sikukifikia, niliacha darasa la sita. Barua inaletwa na Jackton wa kiwandani, anakuja nyumbani kwa likizo na anarudi Jumapili. Ndani ya bahasha kuna fomu. Usiiweke chini ya godoro. Nitafika huko.

Nianze na mashindano, maana kwa simu nilikuambia haraka haraka na sikusema vizuri.

Mtoto wako Adoyo, tangu aje kukaa kwangu baada ya kumaliza kidato cha nne, hajakaa bure hata siku moja. Ile baiskeli ya milimani aliyopewa na mwalimu wake wa michezo ilifika hapa imekufa, na mimi nikaifufua. Unanijua. Miaka kumi na nne nilibeba maziwa kutoka Boito na ile baiskeli yangu nzito ya Black Mamba, mitungi minne nyuma na wakati mwingine ndama mbele, nikishuka ule mteremko kwa kasi mpaka siku moja maziwa yakafika yakiwa siagi, na wanunuzi wakasema nilete hivyo hivyo kila siku. Na mimi si mtu wa kuogopa barabara. Wewe mwenyewe una kovu kwenye goti la siku ile nilikupakia tukienda kanisani, chui akakata mbele yetu, nikamkwepa kwa upana wa mkono. Kama si mimi, leo usingekuwa mama wa mtu.

Basi watu wa timu ya baiskeli walipotangaza mashindano ya wasichana kutoka Boito mpaka hapa, kupitia ndani ya chai, hakuna aliyeuliza ni nani atachagua tairi. Hizi baiskeli si kama zetu za zamani. Kuna tairi za meno mafupi yaliyokaribiana, hizo kwenye murram kavu, barabara ya changarawe, zinakimbia kama zimepakwa mafuta. Kuna za meno marefu yaliyoachana, za matope, na hizo ukizipeleka kwenye murram kavu zinavuta mguu na kulia kama nyuki. Adoyo alikuwa na jozi ya kila aina. Nikamfungia za meno mafupi mbele na nyuma, kwa sababu mashindano yalikuwa ya saa tatu asubuhi, na mvua ya huku unaijua, ina saa yake kama king'ora cha kiwanda. Haiji kabla ya saa nane mchana. Nikajaza upepo mpaka ukizigonga kwa kucha zinalia kama chupa. Hivyo ndivyo tulijaza siku za maziwa. Tairi laini na mitungi minne, rimu inakufa.

Adoyo aliuliza kwa adabu tu, je, mvua ikija mapema? Nikamwambia mawingu ya Konoin yananijua kwa jina.

Wiki ile yote alikuwa akipotea kila alasiri na Chepkosgei, yule mama anayechuma chai ng'ambo ya mto. Mimi nilidhani ni porojo. Kumbe walikuwa wanatembea njia yote ya mashindano kwa miguu, Chepkosgei anamwonyesha mahali maji ya chemchemi yanalala chini ya udongo hata kiangazi, na mahali chai imepogolewa na vijiti vimebaki vimesimama kama sindano.

Jumamosi ikafika. Saa tatu ikafika. Mgeni wa heshima hakufika. Tukaomba, kwaya ikaimba, kwaya ya pili ikasema na yenyewe imepewa nyimbo tatu, si mbili. Mgeni alikuja saa sita na akahutubia mpaka wingu lenyewe likasogea kusikiliza. Ilipotimia saa saba na nusu wasichana wakaitwa kwenye mstari. Mimi nilikuwa nyuma ya hema nikiwaeleza watu habari ya siagi. Nikasikia fssss. Nikageuka.

Adoyo amepiga magoti kwenye nyasi. Ile tairi ya mbele niliyofunga mimi ameitoa, amefunga ya meno marefu. Ya nyuma ameiacha. Na sasa anamwaga upepo, mbele na nyuma, anabonyeza kwa kidole gumba, anatoa kidogo, anabonyeza tena.

Dada, niliwaka. Mbele ya watu nilimuuliza kama amekuja kushindana au kuniaibisha. Hakuinua sauti.

"Nera," akasema, maana bado ananiita mjomba kwa lugha ya nyumbani, "wewe ulikuwa unabeba maziwa. Mimi najibeba mwenyewe."

Akafunga kikofia cha valvu akaenda.

Walikuwa wasichana thelathini na mmoja. Kwenye kile kilima cha kwanza cha murram Adoyo hakuwa hata kati ya kumi wa mbele, na mimi nikajiambia, si nilisema. Halafu mvua ikashuka juu ya miti ya blugamu. Nilikata njia ya mkato na mwavuli wangu, na kwa zile mbio ningekuwa na namba kifuani ningeshinda mimi. Nikasimama pale njia inapoingia kwenye chai kuteremka mtoni. Ule udongo mwekundu, ukinyeshewa robo saa, ni sabuni. Wenye tairi ngumu za meno mafupi walianguka mmoja mmoja. Janeffer wa Kericho mjini, mwenye baiskeli inayong'aa mpaka unajitengeneza nywele, aliingia ndani ya chai tukabaki kuona viatu. Alitoka akicheka, hakuumia.

Adoyo akashuka. Ile tairi laini ya mbele ilikumbatia kila mzizi, meno yakauma udongo. Kabla ya kufika pale penye chemchemi alikuwa ameshahamia upande wa juu, na hakuna aliyeyaona yale maji ila yeye. Alifika wa pili. Aliyemshinda ameshakaa kwenye timu miaka miwili.

Kocha wa timu ni mwanamke mrefu anaitwa Fancy. Hakuenda kwa uso wa mtoto, alienda kwa tairi. Akaibonyeza, akatazama ya mbele, akatazama ya nyuma, akauliza ni nani amechagua hivi. Na kabla Adoyo hajafungua mdomo, mdomo wangu ulikuwa umeshasema, "Ni mimi."

Adoyo aliniangalia mara moja. Kisha akainama akaanza kutoa matope kwenye meno ya tairi kwa kidole. 

Fancy akampa Adoyo nafasi ya kwenda kambi ya timu, na jioni hiyo nikakupigia, nikakuambia tairi nilichagua mimi. Na wewe ukasema kama Seth ndiye anajua mambo ya tairi, basi Adoyo aende kambi ya timu na Seth, bila Seth huweki sahihi, kwa sababu unajua baiskeli ilikufanyia nini. Nilimuuliza Fancy. Akasema kambini hakuna kitanda cha wajomba. Jumatatu ikifika bila sahihi ya mzazi, nafasi inapewa msichana aliyekuwa wa tatu. Mtoto ana miaka kumi na saba, na sahihi yangu haitoshi.

Nimekaa na hii kalamu siku mbili. Dada, sikuchagua zile tairi. Nilichagua zile ambazo zingemwangusha.

Na kuna lingine la zamani. Hakukuwa na chui, Loice. Hakukuwa hata na paka. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi ile, na mimi nilikuwa nimejaza tairi mpaka zinalia kama chupa, ili wavulana wa kambi wasikie tukipita. Pale kwenye kona, tairi ya mbele iliteleza tu. Wewe ulikuwa unalia na damu inatoka, nikatafuta kitu kikubwa cha kusema, nikapata chui. Baba akanisifu mbele ya watu. Baada ya hapo ningemrudisha chui wapi?

Umeogopa baiskeli miaka thelathini na nane, ukisema mtu awe hodari namna gani, mnyama akikata barabara ni basi. Lakini siku ile ilikuwa inazuilika. Ilitaka tu mtu apige magoti atoe upepo. Mwanao alipiga magoti.

Jana nilimwambia Fancy ukweli. Alisema alijua siku ile ile, kwa sababu kidole gumba cheusi kilikuwa cha mtu mmoja na mikono yangu ilikuwa safi. Leo asubuhi nikamwambia na Adoyo, nikaomba msamaha. Akanipa pampu nimjazie, akasimama kando akibonyeza tairi. Aliposema basi, nikaachia hapo hapo.

Kwa hiyo usinitume mimi kambini. Hanihitaji. Mahali pa sahihi ni chini ya ukurasa wa pili, nimeweka alama ya kalamu. Mpe Jackton mkononi, na usimwache aondoke kabla hajaiweka kwenye mfuko wa ndani wa koti.

Nimekutumia majani ya chai mazuri, uyachemshe na maziwa mengi. Nisalimie shemeji, nisalimie watu wa kanisa, na wakikuuliza habari ya chui waambie amekufa. Mungu akulinde mpaka tuonane.

Mimi ndugu yako,
Seth Obonyo,
aliyeona mambo mengi, lakini chui bado.