Waridi la Nyuma ya Jiko

Mama,

Maua yako yamepona. Najua hutapenda kusikia kwamba yamengoja ufe ndipo yapone, lakini ndivyo ilivyo.

Unakumbuka yalivyokuwa mwaka jana, 2013? Machipukizi yamejipinda, majani membamba kama utambi, matumba yamekauka bila kufunguka. Ukasimama uani kwetu Heru Juu, watu wakitoka kanisani, ukamnyooshea kidole jirani yetu Mama Zebedayo: "Murozi huyu! Mchawi ameniulia maua!" Ushahidi wako ulikuwa waridi alilokupa yeye mwenyewe, lile ulilolipanda nyuma ya jiko letu. Yako yote yameharibika, lake linachanua. Basi. Vijana wakaezua nyumba yake, naye akajitwika godoro kwenda kwa kaka yake Busunzu. Wewe ukarudi ndani kuchagua maharage.

Nilikuambia, Mama. Niligeuza majani, sikuona mdudu, wala madoa, wala ukungu. Nikasema ugonjwa huchagua, ukila maua ya waridi huacha maua ya dalia, na huu umekula yote kwa pamoja. Ukanijibu, "Nyamaza, wewe unajua nini?"

Msimu huu nilipulizia dawa ya wadudu kwa bomba la kuazima, maua yakatoka safi. Tuta la mwisho nikatumia bomba lako, lile ulilokuwa ukipulizia dawa ya magugu kwenye mahindi, kisha ukilisuuza kwa kopo moja la maji kwa kuwa kisima kiko mbali. Haukupita muda, utambi ule ule. Ni wewe, Mama. Uliyaua kwa mkono wako, ukiyapulizia dawa ya wadudu kwa bomba lile lenye mabaki ya dawa ya magugu. Waridi la Mama Zebedayo lilisalimika kwa sababu ulilidharau, hukulipulizia hata tone.

Nakulilia, usidhani silii. Ila nikifuta machozi nakukasirikia upya. Nimefika Busunzu. Hata huko wanawake hawachoti maji pamoja naye. Jina ulilompa lilitangulia kufika.

Jumapili tunaweka msalaba kaburini kwako. Watakuja wale wale waliokusikia. Nitaling'oa lile waridi nilipande kichwani pako, niwaonyeshe bomba, niseme nani aliua maua, kwa sauti ile ile uliyotumia wewe. Mama Zebedayo atakuwa amesimama kando yangu. Nimemwahidi, na wewe nakuahidi.

Kwaheri, Mama. Lala, kama unaweza.

Mwanao,
Skola