Kompyuta ya Mfano ya Chama cha Kuzikana

Vuga, 4 Mei

Mpendwa Fanueli,

Pokea salamu za milimani, zimelowa kidogo kwa ukungu. Sisi wazima. Mama yako kifua kinambana, anakohoa, ila ulimi wake haukohoi hata kidogo.

Kompyuta uliyotuma kwa basi niliipokea Mombo nikaipakata mpaka huku kama kichanga. Kondakta akauliza, mzee, unajua kuitumia hiyo? Nikamwambia, mimi nimefika Lubumbashi kwa lori nikiwa utingo, nimewafundisha Wazambia kufunga tairi gizani, nitashindwa na kisanduku kisicho na magurudumu? Darasa la tano niliacha mwenyewe, lenyewe lilikuwa bado linanitaka.

Sasa nieleze. Chama chetu cha kuzikana kina kompyuta yake dukani kwa Shamsa, katibu. Mwanachama akifariki, Shamsa anabonyeza, nyumba mia mbili zinapata ujumbe, hata wewe huko Dodoma. Inafanya kazi. Hii ya pili ya nini? Mama yako anasema umetuletea mchezo wa baba na mama uzeeni.

Ni mimi mjomba wako,
Kornelio

Dodoma, 6 Mei

Shikamoo mjomba,

Natumaini hamjambo wote, nami sijambo, kazi tu. Mama mpe pole, anywe tangawizi.

Ni hivi. Programu inayotuma ujumbe huo ni huria. Tunaitengeneza watu wa nchi nyingi, bila malipo, na chama chochote cha kuzikana kinaweza kuichukua. Kila wiki tunabadilisha kitu. Siwezi kujaribia mabadiliko kwenye kompyuta ya Shamsa. Nikikosea kidogo, nyumba mia mbili zitamlilia mtu aliye shambani anapalilia. Kwa hiyo ninataka ya mfano, ifanane na ile kwa kila kitu: mashine ya aina ile ile, laini ya simu ya mtandao ule ule, daftari lenye safu zile zile. Tofauti ni watu tu. Humo weka majina ya kubuni, na namba za kweli ziwe tatu: yako, ya mama na yangu. Ukijaribu, ujumbe utatufikia sisi watatu basi. Kila alfajiri itajirudisha yenyewe ilivyokuwa. Waliokufa jana wanakuwa hai tena.

Na kila ujumbe wa humo uanze na neno JARIBIO.

Mwanao,
Fanueli

Vuga, 19 Mei

Mpendwa Fanueli,

Habari za Dodoma na vumbi lake? Huku tupo. Kikohozi cha mama yako bado kipo, kimekuwa mpangaji.

Kazi imeisha, na wewe uliyesoma miaka kumi na saba ungeiona ungenivulia kofia. Taabu ilikuwa majina. Kila jina ninalolibuni lina mwenyewe. Nikaandika Hezekia, mama yako akasema, huyo si wa bondeni? Nikaandika Tatu, akasema, Tatu juzi tu katuletea viazi, unamwua kwa kosa gani? Unajua mtu wa huku: ukiandika amekufa, hata kwa mchezo, akija kuugua atakuja kukuuliza mlangoni.

Mwisho mama yako akasukuma ungo wa maharage pembeni. "Niandike mimi. Mume nimeshazika, uzee ninao, sina wa kumlaumu."

Basi tumemwua mara nne. Ujumbe ukifika anausoma kwa sauti: "JARIBIO. Tanzia. Efrazia, mama Fanueli, amefariki leo. Maziko kesho saa nane." Halafu ananiambia, "Kornelio, marehemu anaomba chumvi."

Ila ujumbe unafika vipande viwili, cha pili kinachelewa. Na mama yako anauliza unakuja lini.

Mjomba wako,
Kornelio

Dodoma, 21 Mei

Shikamoo mjomba. Kwema?

Umefanya kazi nzuri kuliko vijana wangu wa ofisini. Vipande viwili ni kwa sababu ya lile neno JARIBIO, linarefusha ujumbe kupita kipimo. Liondoe. Ujumbe wa kweli hauna neno hilo, na mimi ninataka vifanane kabisa, la sivyo sijui ninachojaribu.

Tarehe 20 Juni tuna mkutano wa watengenezaji hapa, nitawaonyesha mfano wa Vuga. Nitakuja mwezi wa saba. Salamu kwa mama.

Fanueli

Vuga, 8 Juni

Mpendwa Fanueli,

Baridi ya mwaka huu inaingia mpaka kwenye meno. Wewe mzima?

Neno nimelifuta, kwa kidole changu hiki. Sasa ujumbe unafika mzima, mkavu. Tangu siku hiyo mama yako haombi chumvi. Anausoma kimya, anaiweka simu kifudifudi. Jana kaniuliza, "Na wa kweli ukija, Fanueli ataujuaje?" Mimi na mdomo wangu nikamjibu, kifo cha kweli hakijifichi, dada, hata Lubumbashi nilikiona kinajulikana tangu njiani.

Nimempeleka Lushoto, wamempa dawa, tumerudi. Anatembea mpaka mlangoni, anapumzika, anarudi. Mwezi wa saba ni mbali. Piga simu, usiniachie mimi peke yangu kumchekesha.

Mjomba wako,
Kornelio

Dodoma, 20 Juni, jioni

Shikamoo mjomba,

Poleni na baridi. Samahani kwa kimya, maandalizi yalinimeza.

Leo umenipamba. Nilikuwa mbele ya watu themanini, simu yangu ikionyeshwa ukutani ili waone, na katikati ya maelezo ujumbe wako ukaingia: Tanzia, Efrazia, mama Fanueli. Mzima, mara moja, herufi kwa herufi kama wa kweli. Nikawaambia, huu umetoka Vuga sasa hivi. Wakapiga makofi, mjomba. Mzungu mmoja alisimama.

Ulipopiga nikakata kwa sababu nilikuwa bado ninaongea, nikakuandikia, "Safi sana, endeleeni." Natumaini uliupata. Tangu hapo namba nisizozijua zinanipigia mfululizo, nadhani ni watu wa mkutano; nimezima simu mpaka kesho kutwa tumalize.

Mwambie mama amekufa mara ya kumi na mbili na bado ninamwogopa. Tarehe sita ninakuja, ninamletea zabibu.

Mwanao,
Fanueli

Vuga, 22 Juni

Fanueli,

Leo sikuulizi hali.

Ujumbe ule haukutoka kwenye kompyuta ya mezani kwa mama yako. Ulitoka dukani kwa Shamsa. Mama yako alikata roho juzi saa nne asubuhi, kichwa kikiwa kwenye mkono wangu. Nikakupigia, ukakata. Ikaja "Safi sana, endeleeni." Niliisoma mara nyingi, mimi niliyesoma kidogo. Shamsa akakupigia mara sita.

Unajua kwetu udongo wa kwanza ni wa mtoto, na wewe ndiye pekee. Mchungaji alisimama na sepetu tangu saa nane mpaka ukungu ukafunika watu wa nyuma. Wazee wakaniuliza, umemwambia? Nikawapa simu yangu wasome. Ilizunguka kaburi mkono kwa mkono. Halafu tukaendelea, kama ulivyoandika. Nilitupa udongo mara mbili, mara moja wangu, mara moja wako.

Barua yako ililetwa na basi jana, nikaifungua usiku, baada ya watu kuondoka. Nimeelewa. Asubuhi nikazunguka nayo kwa wazee, nikawasomea. Wamesikiliza. Hezekia akasema, "Kwa hiyo walipiga makofi," akaendelea kunywa uji wake. Nisikudanganye kwamba wamesahau.

Neno nililifuta mimi. Uliniagiza wewe. Tugawane hapo, sina nguvu ya kupima nani achukue kubwa.

Kitu kimoja. Kwa Shamsa nimeshaandikisha kifo cha mama yako, kimeingia. Lakini hii ya mezani, karibu na ungo wake, alfajiri imejirudisha kama ulivyoipanga. Nimeifungua nimemkuta: Efrazia, mama Fanueli, yu hai, ada amelipa. Kesho itasema hivyo tena.

Mimi nimefika Lubumbashi, na sijui pa kubonyeza. Njoo uizime mwenyewe.

Mjomba wako,
Kornelio