Bidoni ya bulu

Yaya Masika, dada yangu mukubwa,

Salamu kwako na kwa bote ba kule Mulekera. Butembo baridi iko mingi, chai inapoa mbele ya kufika mudomoni.

Leo ku mafunzo yetu ya ba-agronome, bataalamu ba kilimo, mugeni mumoja alisema batafiti ba inchi mingi banaona dawa zingine za kupulizia mashamba zinavuruga homoni za mwili, hata za mutoto angali tumboni. Akauliza, "Bidoni, ile dumu ya plastiki, ikiisha dawa, munaifanya nini?" Mimi njo nilijibu, na sauti ya kusoma somo ku misa: "Tunaitoboa, tunaizika." Akanishukuru.

Yaya, ile bidoni ya bulu nilikuletea wakati mulikimbia vita ya Eringeti, ilikuwa ya dawa ya kahawa. Niliisugua na muchanga na majivu mpaka harufu ikaisha, nikajiona ndugu muzuri. Sasa uko na mimba, na maji unakunywa inatoka mule.

Napatia dereva hii kadi, kama basoda, ba-askari, banafungua barabara. Usipatie jirani ile bidoni. Itoboe, uizike mbali na kisima, uongo yangu ikuwe kweli hata mara moja.

Mungu alinde tumbo yako.

Leki yako, mudogo wako,
Kambale