Swali la Asubuhi

Mama watoto,

Habari za huko? Volkano mbili tumeshazipanda, keshokutwa ya tatu. Viatu vyangu vimeanza kucheka, na mpishi wetu bado anaunguza uji.

Unajua kila asubuhi nawauliza wageni majina ya watoto wao. Anayebabaika ujue hewa ya juu imemlevya, namshusha hata akilia. Leo mpishi akanigeuzia kibao: “Na wewe kiongozi, wako?” Nikataja wawili. Kwa wa tatu nikasingizia kikohozi, wageni wakacheka. Tangu hapo naingia hemani, natoka, naingia tena.

Mama yangu asijue. Mpagazi aliyekuletea barua hii anasubiri jibu. Anza na jina la kitinda mimba wetu. Nataka kuliona tu.

Mumeo