Mchoro wa Msamba

Jumatatu, 2 Juni 1975. Endasak.
Nachora tangu chai ya asubuhi. Karatasi ya tatu. Sakafu ya nyonga imekaa vizuri, misuli imeshikana kama bakuli. Msuli wa duara unaobana haja kubwa nimeutia wino mwekundu. Vitabu vya chuo huuchora mwembamba. Si mwembamba. Ni mnene kama kidole changu cha mwisho.

Wakunga sita wa vijiji vipya wanakuja keshokutwa. Nimestaafu ukunga, lakini hili nimeliomba mwenyewe. Mwaka jana mama mmoja alichanika akizaa, akashonwa ngozi tu. Hadi leo hawezi kuzuia choo. Mumewe amemjengea kibanda chake peke yake, kwa ajili ya harufu. Hakuna aliyeona kwamba msuli umekatika. Hawa nitawafundisha kuona.

Jumatano, 4 Juni.
Aibu. Mama Safari, mkunga wa Gehandu, aliigeuza karatasi juu chini. Nikairudisha. Akaigeuza tena.

"Mama Newala, huyu umemlaza chali, ana homa?"

Walicheka mpaka wakashika mbavu.

"Kwetu mama anapiga magoti, mimi niko nyuma yake. Hapa kwako sijui hata mkono wangu uko wapi."

Miaka thelathini na minne tangu niondoke Newala, na bado nachora kitanda cha chuo. Mama yangu alinizaa amepiga magoti. Nilijua.

Alhamisi, 5 Juni.
Nimechora upya. Mama amepiga magoti, anaonekana kwa nyuma. Njia ya haja kubwa juu, uke chini, msamba katikati. Mama Safari alisimama begani kwangu akisahihisha mapaja. ("Nono kidogo. Huyu ana mimba, si njaa.") Nikawaeleza: msuli ukikatika, ncha mbili hukimbia, kila moja upande wake. Hubaki vishimo viwili. Mkiviona, niiteni siku hiyo hiyo.

Nakala sita, moja kwa kila mkunga. Mkono unauma. Sijawahi kuchora vizuri hivi.

Jumanne, 10 Juni.
Saa nne asubuhi mfugaji mmoja wa Gehandu alileta karatasi ya Mama Safari. Mke wake, Udagwenga, amejifungua alfajiri. Mtoto wa kwanza. Mama Safari hajui kuandika. Alikuwa amepaka mstari wa masizi ukikata duara jekundu, na nukta mbili pembeni. Nilielewa kabla yule mume hajamaliza salamu.

Kwao mzazi hatoki nyumbani miezi kadhaa. Mama mkwe wake amekataa apakiwe kwenye mkokoteni. Mganga wa zahanati, kijana kutoka Kigoma, alisita nilipomwambia tubebe vifaa.

"Shikamoo, mama, lakini zahanati haibebwi mgongoni."

"Marahaba. Leo inabebwa."

Akabeba. Mwendo wa saa tatu. Tulimlaza Udagwenga mlangoni, penye jua. Ganzi, kisha nikatafuta. Ncha zilikuwa pale pale masizi yaliposema. Nikashona msuli kwanza, kisha msamba, ngozi mwisho. Mganga alishika koleo vizuri. Nilimwambia hivyo.

Mama mkwe alikaa mbali, karibu na ndama, mgongo kwetu. Aliuliza jambo moja tu, kupitia Mama Safari: atanuka? Nikasema hapana. Nililisema kwa sauti kubwa. Sasa lazima liwe kweli.

Jumamosi, 14 Juni.
Hakuna habari. Baridi. Nimesoma kidogo, nimeacha.

Jumatatu, 23 Juni.
Nimekwenda Gehandu. Udagwenga yuko ndani bado, mtoto ananyonya. Kidonda kimefunga. Nilimwambia abane. Msuli ulijikunja wote, pande zote mbili. Nikamwuliza kuhusu choo.

"Kinangoja," alisema, akaficha uso kwa kicheko.

Nilipokuwa nanawa, mama mkwe aliingia na kibuyu cha maziwa. Akaketi na Udagwenga kwenye ngozi moja, bega kwa bega, akamshikia kibuyu anywe.